Nyani wa Karen, watoto wa Kilifi na fumbo la kinga inayogeukia ubongo

WAZAZI wengi wa Malindi, Magarini na Ganze wanaufahamu usiku wa namna hii. Mtoto analazwa akiwa na homa, na kabla ya jogoo kuwika mwili wake unakakamaa, macho yanapinduka na povu linamtoka mdomoni. Wamijikenda wa kale walimlaumu nyuni, ndege wa kishetani apitaye juu ya nyumba yenye mtoto mchanga. Waswahili huita hali hiyo degedege. Akifikishwa hospitalini mapema na kupewa dawa, mtoto huyo aghalabu huokoka na kurudi nyumbani akitembea.

Hata hivyo, kwa baadhi ya familia kisa hakiishii hapo. Miezi au miaka kadhaa baadaye, vimelea vya malaria vikiwa vimekwisha kutoweka damuni, mtoto yule yule huanza kuanguka kifafa. Mwingine hupungukiwa na uwezo wa kusema au kukumbuka, naye mwalimu humdhania mvivu. Je, ni kitu gani kinachoendelea kuudhuru ubongo baada ya adui kuondoka?

Swali hilo limewashughulisha wanasayansi wa mjini Kilifi tangu 1989, mwaka ambapo Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu nchini, KEMRI, ilianzisha mpango wake wa utafiti katika hospitali ya wilaya kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Oxford na shirika la Wellcome Trust la Uingereza. Miongoni mwa waliotangulia ni Profesa Kevin Marsh, Dkt Norbert Peshu na Profesa Charles Newton, ambaye alijikita katika maradhi ya ubongo. Uchunguzi uliochapishwa 2004 ulionyesha kwamba kati ya watoto wa Kilifi waliowahi kuugua malaria ya ubongo, takriban 9 katika kila 100 walikuwa na kifafa. Kwa wale ambao hawakuwahi kuugua malaria kali, idadi ilikuwa kama 2 kwa kila 100. Mwaka uliofuata ilibainika kuwa karibu mmoja kati ya wanne wa waliopona malaria ya ubongo alibaki na upungufu fulani wa akili, lugha au viungo.

Maelezo ya tofauti hiyo ni mengi. Chembe za damu zilizovamiwa hunata katika mishipa midogo ya ubongo na kuzuia hewa na sukari, ubongo huvimba, degedege la muda mrefu lenyewe huacha kovu. Lakini kuna maelezo mengine ambayo yamekuwa yakinong'onwa kwa miaka mingi na ambayo ni magumu zaidi kuyathibitisha: kwamba huenda mwili wenyewe, katika vurugu za kupigana na vimelea, hukosea na kuanza kuushambulia ubongo wake.

KIKULACHO KI NGUONI MWAKO

Mfumo wa kinga ni mfano wa askari wanaolinda boma. Hufunzwa tangu utotoni kuwatambua wenyeji na wageni, na wale wanaoshindwa mafunzo hayo huangamizwa kabla hawajapewa silaha. Hata hivyo, wachache hupenya. Wakati mwingine mgeni huingia akiwa amevaa vazi linalofanana na la mwenyeji, na askari waliokwisha kumpiga mgeni huendelea kumwandama kila aliyevaa vazi hilo. Hivyo ndivyo bakteria mmoja wa tumboni, kampilobakta, awezavyo kumsababishia mtu kupooza miguu kisha mikono wiki chache baada ya kuharisha, maradhi yanayoitwa Guillain-Barré. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hapa neno hilo linaafiki kabisa.

Mwaka 2005 watafiti wa Oxford na Kilifi walichapisha matokeo ya kuchunguza damu ya watoto waliougua malaria katika eneo hilo. Walitafuta kingamwili, yaani protini ambazo kinga hutengeneza ili kumnasa adui, zinazolenga vijilango vya kalisi. Vijilango hivyo vimo katika utando wa seli za neva, na pasipo hivyo neva haiwezi kupasha habari kwa jirani yake. Kingamwili hizo zilipatikana kwa baadhi ya watoto, na zilionekana zaidi kadiri malaria ilivyokuwa kali.

Msomaji asije akaruka na kusema kwamba jibu limepatikana. Malaria huchochea utengenezaji wa kingamwili za kila namna, nyingine zikiwa hazina madhara yoyote. Kukuta kingamwili inayolenga neva ndani ya damu ni kama kumkuta mtu na panga karibu na shamba lililofyekwa: huenda ndiye aliyefyeka, huenda alipita tu. Fumbo kama hilo limewakabili pia madaktari wa kaskazini mwa Uganda, ambako watoto wa Kitgum na Pader walikumbwa na maradhi ya kutikisa kichwa. Mwaka 2017 watafiti walipendekeza kwamba kingamwili zinazotengenezwa dhidi ya minyoo ya usubi huishambulia protini ya ubongo inayofanana na ya mnyoo huyo. Tafiti zilizofuata hazikuafikiana na hilo zote.

Ili kumtambua mfyekaji ni lazima mtu ayaone mambo yakitendeka. Na hapo ndipo penye kikwazo kikubwa. Huwezi kukata kipande cha ubongo wa mtoto aliye hai ili kutazama. Wala huwezi kumwacha mtu mzima aliyejitolea augue hadi apoteze fahamu. Kilifi yenyewe ilianza 2016 kuwaambukiza malaria kwa makusudi watu wazima waliokubali, chini ya uangalizi mkali, ili kujifunza jinsi kinga inavyofanya kazi. Lakini watu hao hupewa tiba mara vimelea vinapofikia kiwango kidogo kilichowekwa, siku nyingi kabla ya hatari kubisha hodi. Kuhusu yatendekayo ubongoni hawawezi kutueleza kitu. Kwa hiyo, kama ilivyotukia mara nyingi katika historia ya tiba, macho yakaelekezwa kwa wanyama wa jamii ya nyani.

YALIYOANZA KWA MBWA

Uhusiano baina ya nyani na maradhi ya kinga kushambulia ubongo ulianza kwa mbwa mwenye kichaa. Mnamo 1885 Louis Pasteur alimchanja kijana Mfaransa aliyeumwa na mbwa, akitumia uti wa mgongo uliokaushwa wa sungura aliyeambukizwa. Kijana aliokoka, na chanjo hiyo ikasambaa. Mwaka 1911 Mwingereza David Semple, akiwa Kasauli nchini India, alitoa namna nyingine iliyotengenezwa kwa ubongo wa kondoo au mbuzi na kuuawa makali kwa fenoli. Kwa miongo mingi chanjo za ubongo ndizo zilizowaokoa maskini wa Asia na Afrika.

Ila palikuwa na dosari. Mmoja kati ya mamia au maelfu ya waliochanjwa alipooza, na baadhi yao walikufa, ingawa hawakuwa na virusi vya kichaa. Nini kiliwapata? Mwaka 1933 Thomas Rivers na wenzake wa taasisi ya Rockefeller, New York, waliamua kulijaribu jambo hilo kwa kima. Waliwadunga kwa muda mrefu dawa iliyotengenezwa kwa ubongo mzima wa sungura, usio na virusi vyovyote. Baada ya makumi ya sindano, baadhi ya kima wale walianza kuyumba na kulegea, na wachunguzi walipofungua bongo zao walikuta mayelini, yaani ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva, imeliwa. Hapakuwa na mdudu wala virusi. Kinga ya kima ilifundishwa kuuchukia ubongo wa sungura, na kwa kuwa bongo hufanana, ikaushambulia wa kima mwenyewe.

Kufikia 1947 mbinu ilikuwa imeboreshwa kwa kuchanganya ubongo na mafuta yanayoichokoza kinga, na kilichochukua mwaka kikachukua wiki chache. Jaribio hilo, kwa kima kwanza na kisha kwa panya, ndilo lililokuwa msingi wa utafiti wa multipo sklerosisi, ugonjwa ambamo kinga huila mayelini ya mtu pole pole, akapoteza nuru ya macho, nguvu za miguu au udhibiti wa kibofu.

Kuna kinaya katika mwisho wa kisa cha chanjo. Chanjo nyingi za kichaa cha mbwa zitolewazo siku hizi hazitoki ubongoni. Hukuzwa katika seli zinazoitwa Vero, ambazo zilitolewa 1962 katika figo la tumbili mmoja wa Afrika na mwanasayansi Yasumura katika Chuo Kikuu cha Chiba, Japani. Seli za tumbili huyo zimeendelea kugawanyika maabarani hadi leo. Mkulima anayeumwa na mbwa na kudungwa sindano kadhaa mkononi huenda hajui kwamba analindwa kwa hisani ya jamaa wa yule yule mnyama anayemrushia mawe ili asile mahindi yake. Ethiopia iliendelea kutumia chanjo ya ubongo wa kondoo miaka mingi baada ya Shirika la Afya Duniani kutaka iachwe.

NYANI WA KAREN

Nchini Kenya, kituo cha utafiti wa aina hii kiko Karen, pembezoni mwa Nairobi. Chimbuko lake ni kituo cha nyani kilichoanzishwa Tigoni, Limuru, na mtaalamu wa mambo ya kale, Louis Leakey. Kwa miaka mingi kilijulikana kama Taasisi ya Utafiti wa Nyani, chini ya Makavazi ya Kitaifa. Nyani wake hawakuzaliwa vizimbani kama panya wa maabara wa Ulaya. Wengi walikamatwa porini, wakiwa na kumbukumbu za minyoo na vijidudu vya kila aina. Wengine waliona hiyo kuwa kasoro. Lakini kinga ya mtoto wa Ganze nayo haikulelewa ndani ya chumba kisafi, na kwa sababu hiyo nyani wa porini hukaribiana naye kuliko panya aliyelishwa punje zilizochemshwa.

Kipo kizuizi kimoja kikubwa: kimelea kinachowaua watoto wa Afrika, falsiparumu, hakishiki kwa nyani wetu. Dkt Hastings Ozwara na wenzake wa Karen, wakishirikiana na kituo cha Rijswijk nchini Uholanzi, walilizunguka tatizo hilo kwa kutumia kimelea cha knowlesi, ambacho asili yake ni kima wa Kusini Mashariki mwa Asia. Matokeo waliyochapisha 2003 yalionyesha kuwa baadhi ya nyani walioambukizwa waliugua vikali, na kwamba chembe za damu zenye vimelea zilijazana katika mishipa midogo ya ubongo, kama inavyotokea kwa mtoto mwenye malaria ya ubongo. Lengo la utafiti huo halikuwa kusaka kingamwili zinazoshambulia neva. Hata hivyo uliweka msingi ambao juu yake swali la Kilifi lingeweza kuulizwa: mnyama ambaye damu yake yaweza kupimwa kabla ya ugonjwa, wakati wa ugonjwa na baada ya kupona, na ambaye ubongo wake waweza hatimaye kutazamwa.

Muguga, si mbali na hapo, tumbili walitumika kwa muda mrefu kuchunguza malale, ugonjwa uenezwao na mbung'o. Huko nako kulikuwa na kisa cha kinga kukengeuka. Dawa ya melarsoprol, iliyotumika kwa miongo mingi kutibu malale yaliyofika ubongoni, iliwasababishia kati ya wagonjwa 5 na 10 katika kila 100 mshtuko mkali wa ubongo, na nusu yao hivi walifariki. Mshtuko huo wengi waliuhusisha na hasira ya kinga kuliko na sumu ya dawa peke yake.

Kwa nini panya asitoshe? Panya ametufunza mengi, na ni rahisi kumfuga. Lakini njia yake na ya binadamu ziliachana zamani mno, na kinga ni miongoni mwa mambo yanayobadilika upesi zaidi. Katika miaka ya tisini watafiti wa Marekani, wakiongozwa na Stephen Hauser na Claude Genain, walimgeukia mamoseti, kima mdogo wa Brazili mwenye ukubwa wa kindi. Mamoseti huzaa mapacha ambao huchangia damu wakiwa tumboni, hivi kwamba kila mmoja huishi na seli za kinga za mwenzake bila ya ugomvi. Mtafiti aweza kumhamishia pacha mmoja askari wa mwingine na kuona ni askari yupi hasa anayedhuru. Kwa njia hiyo, na kwa kulinganisha na bongo za wagonjwa, ilidhihirika mnamo 1999 kwamba kingamwili zilikuwa zimenata katika mayelini iliyokuwa ikiharibika, kwa mamoseti na kwa binadamu vile vile. Hapo kabla wengi walimlaumu askari mwingine kabisa, seli ya T. Ugunduzi huo ulisaidia kufungua njia ya dawa zinazoziondoa seli za B, mama wa kingamwili, na mojawapo, okrelizumabu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2017.

PALE NYANI ALIPODANGANYA

Ingekuwa ni ghilba kusimulia mafanikio pekee. Mnamo Machi 2006, katika hospitali ya Northwick Park jijini London, wanaume sita wenye afya walidungwa dawa ya majaribio iliyoitwa TGN1412, iliyokusudiwa kutuliza maradhi ya kinga. Kipimo chao kilikuwa sehemu moja tu ya 500 ya kile ambacho kima walipewa bila madhara. Katika muda wa saa chache viungo vyao vya ndani vilianza kushindwa kufanya kazi, na wote sita wakalazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Waliokoka, mmoja wao akipoteza ncha za vidole. Baadaye iligunduliwa kwamba kundi fulani la seli za kinga za kima halina kile kishikizo ambacho dawa hiyo ilikishika kwa binadamu. Tofauti ndogo isiyoonekana iliwaponza.

Dawa nyingine, ustekinumabu, iliwatuliza vizuri mamoseti wa Rijswijk waliokuwa wakiugua. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa 249 wa multipo sklerosisi, matokeo yaliyochapishwa 2008 yalionyesha kuwa haikuwafaa. Leo hii inatibu maradhi ya ngozi na ya utumbo.

Kuna jambo jingine ambalo nyani hawakuweza kulifichua peke yao. Multipo sklerosisi ni adimu katika nchi zilizo karibu na ikweta, na daktari wa Malindi aweza kufanya kazi miaka mingi bila kukutana na mgonjwa wake. Mwaka 2022 kundi la Alberto Ascherio wa Harvard, likipitia kumbukumbu za zaidi ya askari milioni 10 wa Marekani, lilionyesha kwamba kuambukizwa virusi vya Epstein-Barr huongeza hatari ya ugonjwa huo mara 32. Watoto wa Pwani karibu wote huambukizwa virusi hivyo wakiwa wadogo, ilhali wengi wa Ulaya na Marekani huvipata ujanani, wakati ambapo vina uwezekano mkubwa wa kuleta homa ya tezi. Kama umri wa kuambukizwa ndio unaoleta tofauti baina ya mabara, au ni jua, au ni minyoo inayoituliza kinga, bado kunabishaniwa.

NANI ATAAMUA?

Wakazi wa Gede, Kakuyuni na vijiji vingine vinavyopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hawahitaji kuelezwa nyani ni nani. Msitu huo wa kilomita mraba zipatazo 420 ni makao ya nyani wa manjano, na kima hurukaruka juu ya kuta za magofu ya Gede wakiwafurahisha watalii. Mwembe ukizaa, nyani hufika kabla ya mwenye mwembe. Si ajabu basi kusikia baadhi ya wakulima wakisema wachukuliwe wote wapelekwe huko maabarani.

Sheria hairuhusu jambo hilo kufanywa kiholela. Sheria ya wanyamapori ya 2013 humlinda nyani hata anapokuwa kero, na Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, sura ya 360, humtaka anayefanya majaribio awe na leseni. Kamati za maadili nazo huuliza maswali matatu: je, hakuna njia nyingine? Je, idadi haiwezi kupunguzwa? Je, maumivu yamepunguzwa kadiri iwezekanavyo? Watetezi wa wanyama wanashikilia kwamba mnyama mwenye akili na huzuni kama zetu hapaswi kufungwa kizimbani kwa ajili yetu, hasa ikiwa mwisho wake ni dawa ambayo mwanakijiji hataimudu bei. Hoja hiyo ya pili ina uzito ambao wanasayansi hawaujibu mara nyingi. Okrelizumabu haimo mikononi mwa maskini wa Afrika.

Lakini swali la Kilifi si la dawa za bei ghali. Likithibitika kwamba kinga ndiyo inayoudhuru ubongo baada ya malaria, kuna dawa za kuituliza kinga ambazo ni nafuu na zimekuwa hospitalini kwa miaka mingi. Tahadhari ni kwamba dawa hizo si za kubahatisha. Majaribio ya miaka ya themanini kule Thailand ya kuwapa wagonjwa wa malaria ya ubongo deksamethazoni, wakiwa bado wamepoteza fahamu, yalionyesha kwamba ilirefusha usingizi wao mzito na kuwaletea madhara mengine. Huenda ilitolewa wakati usiofaa. Huenda haifai wakati wowote. Kumjaribia mtoto bila kujua lipi kati ya hayo mawili ni la kweli ni jambo ambalo hakuna kamati itakayolikubali, na ndiyo maana mnyama wa jamii ya nyani angali anatajwa.

Wakati huo huo, malaria yenyewe imepungua Kilifi tangu mwishoni mwa miaka ya tisini, na wodi ya watoto haijai kama ilivyokuwa ikijaa. Waliougua enzi zile sasa ni watu wazima. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliohusisha zaidi ya watu 150,000 wa eneo hilo, matokeo yake yakachapishwa 2008, ulibaini kuwa sehemu kubwa ya wenye kifafa hawakuwa wakipata matibabu. Wengine walikuwa wamepelekwa kwa waganga wa kienyeji, wengine walifichwa nyumbani. Dawa ya fenobabito, ambayo huzuia watu wengi wasianguke, imekuwapo tangu 1912.